Wadogo zake Rosa

Msikilizaji, taarifa ya habari imekwisha. Tugeukie kidogo vitabu. Desemba 2023, tope la Mlima Hanang lilipoufunika mji wa Katesh, nchi nzima ililia na wafiwa. Lakini kijana wa Mbulu au Hanang ambaye kaka yake amejiua, analia na nani? Msibani watu hunong'ona. Kanuni ya Adhabu nayo inaliita jaribio la kujiua kosa, basi familia hufunga mdomo.

Je, hadithi ingemsaidia? Mwaka 1971 mwandishi Euphrase Kezilahabi alithubutu: katika riwaya yake Rosa Mistika, Rosa anajiua, anaacha wadogo zake. Kitabu kikapigwa marufuku, baadaye kikaruhusiwa. Hata hivyo, riwaya ile ni ya Rosa, si ya wadogo zake.

Sasa tupime. Wazazi wanahofu vitabu vya namna hii, na hawakosei kabisa: simulizi inayoeleza jinsi ya kujiua, au kukipamba kifo, yaweza kumdhuru aliyekwisha kuelemewa. Kwa upande wa pili, ukimya unamwachia kijana lawama zote peke yake. Mimi naegemea vitabu, mradi mwalimu awe karibu, na anayezidiwa apelekwe hospitali, kama Haydom.

Tunabaki na hili: kijana akiuliza, "Ningeweza kumzuia?", nani kwetu yuko tayari kukaa naye?