Gombo la Nabii Isaya

Twasikia mara nyingi kwamba Biblia imegeuzwa na waandishi. Swali hilo ni halali, wala tusimkaripie mkatekumeni anayeliuliza. Mwaka 1947, katika pango la Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, lilipatikana gombo la Isaya, sura zote 66, lililonakiliwa kabla ya Kristo. Liliwazidi wazee wenzake, yaani nakala kamili za Kiebrania zilizojulikana wakati ule, kwa miaka 1000 hivi. Wataalamu walipolinganisha walikuta tofauti nyingi za tahajia, na za maneno pia: katika Isaya 53:11 gombo lina neno “nuru”, lisilomo katika nakala hizo za baadaye. Lakini Mtumishi ni yule yule, anayeteswa kwa ajili ya wengi. Wino hauzai imani, la hasha! Ila anayedai kwamba Wakristo ndio waliotunga unabii huo, tumweleze kwamba gombo lilikwisha kuandikwa kabla Bikira Maria hajazaliwa.