Kwaya Iongoze, Kanisa Liimbe: Hotuba ya Katibu wa Kwaya



Katika jubilei hii ya miaka 25 nimeombwa niseme machache juu ya uimbaji. Nitawaeleza habari za ziara yetu. Agosti iliyopita, shule zilipofungwa, wanakwaya watano tulitembelea kanisa dogo la Waorthodoksi kijijini Bunyore, alikoolewa dada ya mwenzetu.

Wengi hudhani Waorthodoksi ni Wagiriki na Warusi peke yao. Hapa Kenya kanisa hilo lilianzishwa na Waafrika wenyewe miaka ya 1930, Arthur Gathuna akiwa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1946 likapokelewa chini ya Patriaki wa Aleksandria, Misri. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni iliyafunga makanisa yao, lakini imani haikuzimika. Leo wana seminari Riruta, Nairobi, iliyoanzishwa na Askofu Mkuu Makarios, ambaye pia alikuwa rais wa Cyprus.

Kanisa tulilofika lina kuta za udongo na paa la mabati. Altari imetengwa kwa ukuta wa mbao wenye picha takatifu. Ukiingia unawasha mshumaa na kuusimika kwenye mchanga.

Kinanda hakuna, ngoma hakuna. Hayo ni mapokeo yao ya tangu zamani: Mungu asifiwe kwa sauti ya mwanadamu. Liturujia yao ya Mtakatifu Yohane Krisostomo huimbwa karibu yote. Wana mahadhi manane, yanayopokezana juma kwa juma. Linapotajwa ombi, kwa wagonjwa, wasafiri au mazao ya shamba, kanisa zima hujibu, “Bwana hurumia.” Nyanya mwenye mkongojo anajibu, na mtoto wa chekechea anajibu. Kwa kuwa hakuna spika, jirani yako akinyamaza utajua.

Sisi tuna kinanda, spika na sare nzuri, na tunamshukuru Mungu. Lakini stima ikipotea katikati ya misa, kanisa linakuwa kimya. Wazee waliotufundisha nyimbo sasa wanaketi kutusikiliza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitaka waumini wote washiriki ibada kikamilifu. Kazi ya kwaya ni kuwaongoza waumini waimbe. Tukiimba badala yao, tumewanyang'anya sala yao.

Harambee ya leo ni ya kinanda kipya. Tafadhali changeni, nami nitatoa changu. Pamoja na hayo nina ombi, ambalo kamati italijadili katika mkutano ujao: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi kinanda kifunikwe, nusu ya wanakwaya waketi katikati ya waumini, na nyimbo zichaguliwe na wazee. Kijana anayeona tutarudi nyuma, aje mkutanoni aseme.

Wazee wetu, nyimbo mnazozikumbuka ziandikeni nyuma ya kijitabu hiki, au mwambieni mjukuu awaandikie. Nipeni kabla hatujaenda kula.

Hongera kwaya yetu. Mungu awabariki nyote.