Usimwulize Samaki Peke Yake

Msikilizaji, ukitaka kujua upesi kama maji ya kiwanda yana sumu, tia samaki ndani utazame. Asipopinduka tumbo juu, mwenye kiwanda anashangilia. Kipimo hicho hakitoshi, na Sweden wanao ushahidi.

Mapema miaka ya 1980, karibu na Mönsterås kwenye Bahari ya Baltiki, mwani wa kahawia ulitoweka mbele ya kiwanda cha rojo la karatasi. Ni ule mwani wenye vifuko vya hewa, maficho ya samaki wachanga na vidudu wanaowala. Miamba ikabaki mitupu.

Aliyeshikwa ugoni alikuwa mgeni mwenye sifa njema. Gesi ya klorini iliyong'arisha karatasi ilizaa sumu sugu, basi viwanda vikaanza kuipunguza na kutumia dioksidi ya klorini. Hatua nzuri, sikatai. Ila dioksidi hiyo huacha klorati majini, na klorati ni dawa ya kuulia magugu! Samaki huivumilia. Mwani hauna ujanja: hula nitrati, na klorati imefanana nayo, kwa hiyo huipokea. Kimeng'enya cha kuchakata nitrati huigeuza kloriti, nayo huziunguza seli zikiwa hai. Tena nitrati ikiwa haba, klorati hupenya zaidi. Maji yasiyo na mbolea ndiyo yanayoumia.

Dawa ilipatikana bila kufunga kiwanda. Majitaka yalipitishwa kwanza kwenye bwawa lisilo na hewa, bakteria wakainyang'anya klorati oksijeni yake, ikabaki kloridi, ile iliyomo hata kwenye chumvi ya mezani. Mwani ukaanza kurudi.

Sasa huku kwetu. Mwani unaolimwa Paje, Zanzibar, ni jamii ya mwani mwekundu, na majaribio yalionyesha wa kahawia ndio dhaifu zaidi, kwa hiyo sitawatisha kina mama wa Paje. Lakini ile klorini ya maji ya mabwawa ya kuogelea, dumu likiachwa juani, hugeuka kidogo kidogo kuwa klorati. Hoteli zimepangana ufukweni, na mabwawa lazima yamwagwe mahali. Wanaokagua wapime klorati pamoja na klorini, na wapimie bomba linapotokea, si pale wageni wanapoogelea.