Kamati ya Maji ni Darasa la Uongozi

(Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili)



Ndugu wajumbe, ndugu wafadhili, mara kwa mara tunaulizwa: je, miradi hii ya parokia inatengeneza wanasiasa? Swali ni la haki, nasi tunapenda kulijibu waziwazi.

Historia inaonyesha kuwa viongozi wengi walianza kwa kuitumikia jamii. Paul Bomani, kabla ya kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962, aliwaunganisha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa waliokuwa wakipunjwa kwenye mizani. Mwaka 1955 vyama vyao vilikuwa vimeungana katika Victoria Federation of Cooperative Unions. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Alipojiunga na TANU, alipita katika vikundi vya ngoma kuandikisha wanawake, kwa kuwa vilikwisha kuwa na viongozi na desturi ya kukutana. Kwa jirani zetu Kenya, Profesa Wangari Maathai alianza kupanda miti na kina mama mwaka 1977. Alichaguliwa mbunge wa Tetu mwaka 2002, miaka 25 baadaye.

Katika kamati mtu hujifunza nini? Kwanza, kutunza fedha za watu. Mhazina anayesoma mapato na matumizi mbele ya majirani zake hana pa kujificha. Pili, kusikiliza, maana kila kitongoji kinataka kisima kiwe kwake. Tatu, kushindwa kwa kura na bado kuhudhuria kikao kijacho. Hayo ndiyo yanayotakiwa katika Halmashauri ya Kijiji, ambayo kwa Sheria Na. 7 ya 1982 ina wajumbe 15 hadi 25 na huwajibika kwa Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Hata hivyo, ipo hatari. Wapo wanaoikumbuka kamati uchaguzi unapokaribia. Huleta mabati na mpiga picha, kisha hawaonekani tena. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kamati ikigeuzwa ngazi ya mtu mmoja, wanaomuunga mkono mpinzani wake wataacha kuchangia. Pampu ikiharibika hakutakuwa na fedha ya vipuri, na kina mama na watoto ndio watakaorudi kuchota maji mtoni.

Hivyo basi, tunapendekeza mambo matatu:

1. Mjumbe anayetaka kugombea ajiuzulu kabla ya kuchukua fomu, na akabidhi vitabu vya hesabu vikiwa vimekaguliwa.

2. Gari, vifaa na mikutano ya mradi visitumike kwa kampeni ya chama chochote.

3. Kijana au mama mwenye nia ya kugombea asikatishwe tamaa. Apewe nafasi ya kuongoza vikao na kushika hesabu mapema, miaka kadhaa kabla ya uchaguzi.

Ndugu wafadhili, jibu letu ni hili. Fedha zenu hazimnunulii mtu kura. Zinachimba kisima, na wanaokisimamia wanajifunza kutoa hesabu. Mmoja wao akiomba udiwani kesho, wapiga kura watakuwa na daftari la kumpimia.