Mfuko wa Hiari wa Askari: Hotuba Iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka



Halmashauri imetutaka tuseme maneno machache juu ya shauri lililoletwa mbele ya mkutano huu, yaani kama yafaa chama chetu kiwe na mfuko wa hiari wa kuwasaidia askari waliotoka upande huu wa Ziwa pamoja na jamaa zao. Wako wanaosema kwamba jambo hili ni geni kwetu. Wengine husema ni la kale mno, tena lanuka ukoloni. Twaona kila upande una sehemu ya haki, kwa hiyo yatupasa kwanza kuyatazama yaliyotangulia, ndipo tushike kalamu.

Vita vya 1914 vilitufikia upesi. Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii mwezi wa Septemba mwaka ule ule, na meli za Ziwa, zilizozoea kuchukua mizigo na abiria, zikafungwa mizinga. Lakini kazi iliyowaangukia wengi wa babu zetu haikuwa kupiga bunduki, bali kubeba mizigo ya wapigao bunduki. Sheria ya 1915 iliruhusu watu wachukuliwe kwa nguvu. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Jimbo la Nyanza, alipewa madaraka ya kukusanya wapagazi wa jeshi, na jimbo lake la zamani likatoa maelfu kwa maelfu. Mshahara, ambao hapo mwanzo ulikuwa rupia kumi kwa mwezi au zaidi, ulikuwa umekwisha kushushwa hata rupia tano. Wapagazi walioandikwa kuwa wamekufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, kwa upande wa Waingereza, ni zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi husema hesabu ya kweli yakaribia 100,000.

Twaomba wazee watuvumilie tukae kidogo juu ya sababu ya vifo hivyo, maana ndiyo itakayotuonyesha msaada ni nini. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, baridi na njaa. Walipewa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, tena ulipikwa kwa haraka na watu waliochoka, kuni zikiwa mbichi. Mwaka huo wa 1917 Dkt. J. W. Arthur wa misheni ya Waskoti aliongoza kikosi cha wapagazi wa hiari kutoka misheni za Ukikuyu. Nao walikwenda katika nchi ile ile ya mvua na maradhi, lakini vifo vyao vilikuwa vichache sana kuliko vya wengine. Walikuwa na daktari wao aliyewajua, na chakula chao kiliangaliwa kipikwe sawasawa. Basi tofauti kati ya kufa na kurudi nyumbani ilikuwa sufuria, kuni kavu, na mtu wa kuwatazama.

Baada ya vita likazuka jambo la pili. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila mwenyewe, kwa kuwa jamaa zao hawakujulikana. Sisi tuliozoea kazi ya ofisi twaelewa jinsi ilivyokuwa. Mtu ameandikwa Okoth, basi. Si wa Alego, si wa Gem, wala jina la baba halimo. Ni Okoth yupi? Serikali ya Kenya iliomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, na wakubwa wa London wakakataa. Hivyo jasho la wafu halikuwafikia wajane wao, wala halikujenga hata zahanati moja huku kwetu.

Si ajabu kwamba vyama vya ustawi vya upande huu vilizaliwa katika miaka hiyo. Mwaka 1921 watu walikutana Lundha, katika Gem, wakalalamika juu ya kodi, kipande na kazi za kulazimishwa; huo ndio mwanzo wa Piny Owacho. Mwaka 1923 Archdeacon W. E. Owen akakiongoza kikawa chama cha ustawi cha walipa kodi wa Kavirondo, na wanachama wakahimizwa kuchimba vyoo, kupanda miti na kuua panya. Vijana hucheka wakisikia habari za panya. Wasicheke; tauni haikuwa mchezo.

Vita vya pili havihitaji maneno mengi, maana kila nyumba ina habari zake. Askari wetu walifika Ethiopia, Madagascar na Burma. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani, wakafa watu 1,297, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Huku nyumbani fedha zilichangwa kwa ajili ya vita, na mchango huo uliitwa wa hiari. Lakini chifu akiketi mezani na daftari limefunguliwa, ni nani atakayesema hapana? Kisha vita vilipokwisha, bahashishi ya askari ilipimwa kwa rangi ya ngozi: askari Mzungu wa cheo cha chini alihesabiwa shilingi kumi kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi tatu na nusu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza karibu pauni milioni 12 ili askari wazee na wajane wapatao 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola wapate chakula mara mbili kwa siku. Ni vema. Lakini walikuwa wamengoja miaka sabini na zaidi, na wengi walikwisha kuzikwa.

Sasa twaja kwa watoto wetu wenyewe. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, na tarehe 15 Januari 2016 kambi ya El Adde ikavamiwa. Kwa muda mrefu serikali haikutangaza hesabu ya waliokufa. Wazazi walikaa na simu mikononi, wasijue kama waweke matanga au wangoje.

Mzee mmoja katika halmashauri alituuliza swali la haki: askari ana mshahara na mjane wake ana pensheni, je, mvuvi anayezama Ziwani usiku ana nini? Hatukuweza kulipinga. Kwa hiyo twashauri mfuko huu usiguse hata senti ya mfuko wa mazishi, wala mwanachama asiyetoa asiulizwe sababu.

Tena twashauri usinunue viatu, mavazi wala silaha. Hivyo ni juu ya Serikali, nayo hutoza kodi kwa ajili hiyo. Tukivinunua sisi, tutakuwa tumeipunguzia deni lake. Fedha zetu zimlipie mjane nauli ya kwenda Nairobi au Eldoret kufuatia hati zake, zimpe mtu wa kumwandikia barua na kuzifuata hata zijibiwe, na zimsaidie mtoto asifukuzwe shuleni wakati hati hizo zingali njiani.

Mchango upokewe kwa risiti, na utolewe kwa sahihi mbili. Ukitumwa kwa simu, uingie katika akaunti ya chama, si katika simu ya mtu. Chifu asikusanye, wala mwanasiasa asisimame juu ya kiti siku ya kuugawa.

La mwisho ni daftari. Twaomba kila ukoo ulete majina ya askari wake, wa vita vya zamani na wa sasa, pamoja na jina la baba, kijiji, na mahali alikofia kama panajulikana. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao Waafrika, hawakukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi. Wazee wanaokumbuka majina hayo bado wamo humu ndani. Daftari liko mezani pa Katibu, na litabaki wazi mpaka saa kumi.