Kodi ya Miezi Sita

Mama aliyekimbia kipigo na watoto wake, akitafuta chumba hapa Miyuji, Dodoma, hukutana kwanza na mwenye nyumba: kodi ya miezi sita, taslimu. Dawati la Jinsia la Polisi, hata likimsikiliza vyema, halina kitanda cha kumlaza.

Sheria ipo, tena ya zamani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamkataza mwanandoa kumpiga mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ushindi mkubwa huo kisheria. Lakini shauri huchukua miezi, msikilizaji, na watoto wanataka kulala leo.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, nayo hupitia vikundi. Aliyehamia juzi, asiyejulikana hata kwa mjumbe wa shina, atapokelewa na kikundi gani? Jiji lingeanza kwa kulipa kodi: miezi mitatu kwa mwenye RB ya polisi mkononi. Mkopo ungefuata.