Taa Nyekundu na Neno "Ni Kweli"

(Hotuba hii ilisemwa na mwanachama mmoja mbele ya madereva na matanboi waliokutana Kachibora. Tumeipiga chapa kama alivyoisema, ila tumeifupisha mahali pachache.)



Nimeombwa niseme juu ya taa nyekundu. Najua wengine wanacheka. Hapa kwetu Kachibora anayesimamisha magari ni ng'ombe anayevuka na punda wa maziwa, wala hapana haja ya taa. Lakini sisi tunaobeba mahindi na viazi hatukai hapa. Tunashuka Kitale, tunapita Eldoret na Nakuru, na asubuhi tumo Nairobi, karibu kilomita 400 kutoka nyumbani, mahali penye taa kila kona. Huko ndiko tunakokamatwa. Na tukikamatwa huko tunasema "ni kweli" upesi upesi ili turudi nyumbani. Neno hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilifika kwenye makutano ya barabara katika mji mmoja mkubwa, alfajiri, nimebeba magunia 100. Taa ilikuwa nyekundu, nami nikasimama. Katikati ya barabara alikuwako askari polisi mwenye sare akiongoza magari kwa mkono. Akatupungia tupite. Lori lililokuwa mbele yangu likapita, nami nikalifuata. Ng'ambo ya pili askari mwingine akanisimamisha, akaniandikia kwamba nimepita taa nyekundu. Nilieleza, hakusikia. Nikatoa dhamana ya fedha kituoni, nikaambiwa siku ya korti.

Siku ile tulikuwa wengi kizimbani, tumebanana. Majina yalisomwa kwa haraka, na kila mtu alijibu "ni kweli, ni kweli". Mwenye lori alikuwa amenipigia simu mara tatu tangu saa moja. Ilipofika zamu yangu nikasema "ni kweli". Nikatozwa faini, na mwisho wa mwezi mwenye gari akaikata katika mshahara wangu. Ndugu zangu, haikuwa kweli. Nilijisingizia mwenyewe kwa kinywa changu, kwa sababu ya haraka.

Maana sheria ya barabara ya Kenya inasema hivi: dereva lazima atii taa na alama, na lazima atii askari mwenye sare anayeongoza magari. Mkono wa askari ukisema moja na taa ikisema lingine, fuata mkono wa askari. Basi mimi nilikuwa na jibu zuri kabisa, nikalimeza.

Rangi nyekundu yenyewe tuliirithi kwa reli. Taa ya kwanza ya barabarani ilisimamishwa London mwaka 1868, karibu na Bunge lao, nayo iliwaka kwa gesi. Haikupita miezi mingi ikalipuka ikamwumiza askari aliyekuwa akiigeuza. Hayo ni ya kuchekesha tu, tuendelee.

Sasa sikilizeni habari ya karatasi. Askari akikuandikia, usiikunje ukaitia mfukoni. Isome papo hapo. Tazama namba ya gari, mahali, saa, na hasa maneno ya kosa. Kupita taa ni kosa moja, kukataa amri ya askari ni kosa lingine, na kuendesha kwa hatari ni kosa kubwa zaidi sana. Katika kanuni za makosa madogo za mwaka 2016, kutofuata alama ya barabara kuliandikiwa shilingi 3,000. Mtu asiyesoma anaweza kufika kortini akidhani ameshtakiwa kwa dogo, kumbe ni lile kubwa.

Na ile fedha ya dhamana si faini. Wengi wetu hutoa fedha kituoni, hupanda lori, hurudi Kachibora na kusema shauri limekwisha. Halikwisha. Usipofika kortini fedha ile yaweza kupotea, na juu yake hakimu aweza kutoa hati ya kukukamata. Ukifika na ukashinda, unarudishiwa. Kwa hiyo dai risiti yenye jina lako, na fedha usiitie mkononi mwa mtu asiyekupa risiti.

Kabla hujaondoa lori mahali pale, andika. Kama huna karatasi, sema katika simu yako. Ulikuwa mstari gani wa barabara? Taa ilikuwa rangi gani wakati magurudumu ya mbele yalipovuka mstari wa kusimama? Je, alikuwako askari aongozaye magari? Piga picha ya makutano kutoka kitini pako, na picha ya mahali aliposimama yule aliyekukamata. Tanboi wako ni shahidi, naye aandike yake mbali na yako. Korti hupenda watu wawili walioona jambo moja, lakini haiwapendi watu wawili waliokariri maneno yale yale.

Nitasema kidogo juu ya taa ya manjano, kwa sababu madereva wa mizigo huonewa hapo. Manjano maana yake ni simama, si ongeza mwendo kama vijana wa matatu wanavyodhani. Lakini ukiwa karibu sana na mstari hata kusimama ghafula kungeleta ajali, unaruhusiwa kupita. Magunia 100 ya kilo 90 ni tani 9 za mahindi, bila uzito wa lori lenyewe. Gari kama hilo halisimami kama baiskeli. Mweleze hakimu mzigo wako na mwendo wako. Ila kama ulikuwa unakwenda mbio kupita kiasi, maelezo hayo yatakugeukia.

Dereva mwenzetu mmoja wa hapa alifanya nilichoshindwa mimi. Kosa lilikuwa la namna ile ile, akasimama kizimbani akasema "si kweli". Hapana aliyemkaripia. Akapewa siku nyingine. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 50, inampa mshtakiwa haki ya kuelezwa mashtaka kwa ukamilifu, kupata nafasi ya kujitayarisha, kuonyeshwa mapema ushahidi utakaoletwa juu yake, na kupewa mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya korti. Yeye akaomba maandiko ya askari, akapewa. Hakuwa na wakili.

Siku ya kusikilizwa akamwuliza askari maswali matatu tu. Ulisimama upande gani? Taa inayonitazama mimi uliiona uso kwa uso, au uliona ile ya upande wako ukakisia yangu? Je, alikuwako mwenzako aliyekuwa akiongoza magari? Askari yule alikuwa mtu wa haki, nampa sifa yake. Akajibu kwamba aliona taa ya upande wake kuwa kijani, akajua ya huku ni nyekundu, na kwamba mwenzake alikuwako barabarani. Hakimu akasema mashtaka hayakuthibitishwa. Kazi ya kuthibitisha ni ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hana kosa.

Lakini sitawadanganya. Mwenzetu alikwenda kule mara tatu. Nauli, chakula na siku za kazi alizokosa zilipita ile faini. Nilipomwuliza kama angefanya tena alisema ndiyo, maana makosa yakiandikwa moja juu ya jingine siku moja leseni itaondoka, na leseni ndiyo shamba lake. Wengine mtapima vingine. Mimi sioni haya kwa mtu aliyepita taa kweli akakubali, akalipa, akaenda zake. Kubishana na jambo ulilolifanya ni kupoteza wakati wa korti na wa watoto wako.

Na wewe uliyekwisha kusema "ni kweli" bila kuelewa, tambua kwamba neno hilo peke yake halitoshi. Korti ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua mwaka 1973, katika shauri la Adan, kwamba mshtakiwa aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, kisha asomewe mambo yalivyotokea, na aulizwe kama anayakubali. Akitaja jambo linalopinga kosa, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Basi hata kama ulimi umeteleza, mambo yanaposomwa sema wazi: "Askari alinipungia mkono." Baada ya hukumu njia huwa nyembamba. Rufani ni ndani ya siku 14, na aliyekiri kwa kawaida hulalamikia adhabu tu.

Juu ya mwenye gari. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja makato yanayoruhusiwa katika mshahara, na yote pamoja yasipite theluthi mbili. Mwajiri akitaka kukukata faini, usitie sahihi siku ile ile. Njoo na karatasi kwa katibu wa tawi kwanza. Na kama alikuagiza uondoke Kachibora saa nne ya usiku na ufike sokoni kabla ya kupambazuka, eleza hilo pia, maana taa nyingi huvukwa kwa sababu ya saa kama hizo. Chama cha uchukuzi cha akina Fred Kubai kiligoma Nairobi mwaka 1949 juu ya sheria ndogo za mji zilizowabana madereva, kwa hiyo mambo haya si mageni katika vyama vyetu.

Nimeiomba kamati ifikirie nauli ya mwanachama anayekana shauri lake kwa haki katika korti ya mbali. Itajadiliwa katika mkutano ujao, na atakayepinga aje na hesabu.

Naona mkono wa ndugu wa matatu ya Kapcherop umeinuka tangu zamani. Nadhani anataka kuuliza juu ya watu wa bodaboda. Haya, uliza, ndugu.